Mishono ya Namba Kumi na Nne

Gunia la kwanza halikumwambia kitu, na la pili vilevile. Kwenye la tatu Eustaki Kisimba alilaza rula juu ya mdomo wa gunia, akahesabu mishono kwa ncha ya kalamu, akaona hesabu haikubali. Akarudia. Ikakataa tena.

"Afande, hayo ni mahindi tu," Benjamini alisema akiwa mlangoni. "Hayajaua mtu."

Benjamini alikuwa meneja wa ghala la Milimani Nafaka, pembeni mwa mji wa Sumbawanga, mwanamume wa miaka arobaini hivi mwenye funguo nyingi kiunoni kuliko milango aliyokabidhiwa. Tangu asubuhi alikuwa anaingia na kutoka. Mara ameleta chai, mara anauliza kama mvua inamsumbua mgeni, mara amesahau kalamu yake. Mtu asiye na la kuficha huenda zake akafanya kazi, na Eustaki alikuwa ameshaliandika hilo kwenye daftari.

"Mzigo huu ni wa lini?"

"Kuanzia Julai mpaka Septemba. Ulikuwa ushuke bandari ya Kasanga, upakiwe kwenye boti la Kongo. Boti likaharibika injini, mzigo umekaa."

"Bahati yangu."

"Hasara yetu," Benjamini alisema, akacheka peke yake.

Wiki sita nyuma Eustaki alikuwa amekuja kwenye ghala hilihili, kwa kazi hiihii, akaimaliza kwa siku moja. Alikuwa amestaafu upelelezi wa polisi baada ya miaka ishirini na sita, mingi ya hiyo akiwa Dar es Salaam, akarudi kwao Ufipa na kupata mkataba wa kuchunguza madai yanayopelekwa kwenye Mfuko wa fidia za wafanyakazi. Dai lilikuwa la mwanamke anayeitwa Gaudiosa, mshonaji wa midomo ya magunia kwa miaka kumi na moja. Alisema mikono imekufa ganzi tangu Julai, hawezi hata kushika sindano. Daktari aliandika kwamba mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo cha mkono umebanwa kwa kurudia kazi ileile maelfu ya mara. Lakini kitabu cha magunia kilionyesha kwamba Julai, Agosti na Septemba namba kumi na nne, ambayo ndiyo namba yake, ilishona magunia mia moja na sitini kila siku bila kukosa. Njia ya mwongo ni fupi, Eustaki alijiambia. Akaandika kwamba mdai anadanganya, na dai likakataliwa.

Sasa Gaudiosa alikuwa amekata rufaa, na rufaa yake ilikuja na kipimo kutoka Mbeya, kile cha kupitisha umeme kidogo kwenye mshipa kuona kama bado unafanya kazi. Kilisema mshipa ulikuwa umeanza kufa kabla ya Agosti. Edith, ofisa wa madai kule Mbeya, alimpigia simu Jumatatu, hata salamu akaikatisha.

"Mzee Kisimba, kitabu kinasema hivi, mshipa unasema vile. Mmoja anadanganya, na mimi sijawahi kuona mshipa unapokea rushwa. Rudi kaangalie. Rufaa inafungwa Ijumaa."

"Na ikifungwa?"

"Mama wa watu hafanyiwi upasuaji. Na daktari anasema asicheleweshwe."

Leo ilikuwa Jumatano.

Ghala lilikuwa na cherehani ya magunia, mpya kabisa, imefunikwa turubai. Wateja wa Kongo hawakuitaka. Mshono wa mashine ukikatika uzi mahali pamoja mdomo wote unafumuka, na mahindi wanafaidi samaki. Walitaka mshono wa mkono, wa shazia, ile sindano ndefu ya magunia, na uzi wa katani unaovutwa mpaka vidole vinakuwa vyeupe. Kila mshonaji aliandika namba yake chini ya mdomo kwa wino mzito, ili gunia likifumuka ijulikane ni la nani.

Eustaki aliwaomba makuli wamshushie magunia thelathini yenye namba kumi na nne. Halafu akatafuta ya kulinganishia. Kwenye kona, nyuma ya lundo la pumba, alikuta manne yaliyoshonwa Mei, kabla Gaudiosa hajalalamika mikono, yenye namba ileile. Yote manne yalikuwa na mishono kumi na moja, kutoka kulia kwenda kushoto, imekaa kwa nafasi moja. Masikio ya gunia, zile pembe mbili za kushikia, yalizungushiwa uzi mara mbili. Huo ndio ulikuwa mwandiko wa Gaudiosa.

Ya Julai na kuendelea hayakufanana nayo hata moja. Kuna yaliyokuwa na mishono tisa mirefu ya mtu mwenye haraka. Kuna yaliyokuwa na kumi na mitatu, midogo, ya mtu mwoga. Mengine masikio yalipigwa mafundo matatu, mengine uzi ulirudishwa nyuma kila mshono. Na kuna sita ambayo yalianzia kushoto kwenda kulia, kazi ya mtu wa mashoto. Kufikia saa sita Eustaki alikuwa amewafanya makuli wayapange upya mara mbili, na sakafuni kulikuwa na mafungu matano. Alipiga picha kila fungu, rula ikiwa pembeni, akaandika idadi na tarehe.

Watu watano walikuwa wameshona kwa namba ya mtu mmoja, na mtu huyo hakuwamo.

Alimfuata Benjamini ofisini, akafunga mlango kwa mguu.

"Namba kumi na nne imeshonwa na watu watano. Kitabu chako kina mmoja."

"Mimi naandika namba niliyoikuta kwenye gunia, afande. Siandiki mikono."

"Nimeshika kesi za watumishi hewa kabla hujaota ndevu. Jina la mgonjwa linabaki kazini, kazi wanafanya vibarua, malipo anachukua bwana mwenye funguo."

Benjamini hakukasirika, na hilo lilimshangaza Eustaki. Alivuta droo haraka, karibu kwa furaha, akatoa kitabu kingine chenye jalada la bluu. "Haya, angalia. Malipo alichukua mwenyewe. Kila wiki mbili alikuja hapa, kwa miguu yake, mbele yangu. Hili dole lake, na hili, na hili. Aliweka dole kwa sababu kalamu alikuwa hawezi kui..."

Akaanza kukifunga kitabu.

"Malizia," Eustaki alisema.

"Aliweka dole, basi."

"Kwa sababu gani?"

Mvua iliongezeka juu ya bati. Eustaki alijivutia kitabu, akafungua nyuma. Juni, saini: *Gaudiosa M.*, herufi za mviringo za mtu aliyefundishwa na masista. Mei, saini. Aprili, saini. Akafungua mbele. Julai, dole gumba. Agosti, dole gumba. Septemba, dole gumba, limeteleza mpaka kwenye mstari wa mwenzake.

"Ulijua tangu Julai."

"Niliona dole. Sikuuliza."

"Na Mfuko ulipotaka ushahidi ukapeleka kitabu cha magunia, hiki ukakilaza kwenye droo."

"Hawakukiomba, afande." Benjamini aliinua macho. "Wewe ndiye uliyekuja. Hukukiomba."

Siku ile Eustaki alikaa kwenye kiti hikihiki, akanywa chai ya tangawizi, akanakili mia na sitini, mia na sitini, mia na sitini, akasema asante. Droo ilikuwa umbali wa goti lake. Na nadharia yake ya watumishi hewa sasa ilikuwa imekufa, maana mwizi hamwiti mwenye jina aje apokee.

"Wako wapi washonaji wengine?"

"Wanakula, kwenye kibanda cha nyuma. Afande, usiwatishe. Ni mama zetu."

"Ulianza lini kuwahurumia?"

Benjamini alishika funguo zake zisilie.

Kwenye kibanda walikuwamo wanawake watano, sahani za ugali na maharage magotini. Safari ile ya kwanza Eustaki hakuwahi kufika huku, alikuwa ameishia ofisini. Hawakumjua. Walipoona mvi zake walishusha sahani, wakachuchumaa kidogo, wakampigia makofi ya salamu, yale ya taratibu, viganja vimekunjwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama zangu. Endeleeni kula."

Alikuwa amenunua maharage sokoni asubuhi, nusu gunia, na mdomo aliuacha wazi kwa makusudi. Aliliburuta mpaka katikati. "Nina shida ndogo. Nasafiri na mzigo huu na haujashonwa. Nani atanisaidia?"

Aliyeinuka ni mkubwa wao, Hellena, mama wa miaka hamsini na kitu, mrefu, kitenge amekifunga juu ya sweta. Alichomoa shazia kutoka kwenye kilemba, akaishika kwa mkono wa kushoto, akaanza upande wa kushoto. Mshono wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu alisimama. Alitazama mkono wake, akamtazama Eustaki, akalitazama gunia.

"Umeshaona," alisema.

"Nimeona."

Wenzake waliacha kutafuna. Hellena alirudisha shazia kwenye mdomo wa gunia akashona mpaka mwisho, maana gunia haliachwi nusu. Alipomaliza alikata uzi kwa meno.

"Wewe ni polisi?"

"Nilikuwa. Sasa nafanya uchunguzi wa dai la Gaudiosa."

"Mtu wa wapi?"

"Mpui."

"Basi unanichosha bure kwa kuuliza. Huko Mpui mtu akiugua wakati wa kulima, mnafanyaje?"

"Tunamlimia."

"Na ntumba zile zinakuwa za nani?"

"Zake."

"Hata kama jembe hakulishika?"

"Hata kama hakulishika." Eustaki alijisikia akijibu kabla hajataka kujibu. Ntumba, yale matuta ya duara ya nyasi na udongo, majirani wakikulimia hawasemi hili langu na hili langu. Ni shamba la fulani, basi. Mgonjwa akipata nafuu anapika pombe ya ulezi, watu wanakunywa, na habari imekwisha.

"Ndivyo tulivyofanya," Hellena alisema. "Mwezi wa saba shazia ilianza kumponyoka. Alikuwa analia nyuma ya magunia asionekane. Tukasema, mwenzetu huyu, nafasi yake tusiiache iote nyasi. Kila mmoja akimaliza ya kwake anashona thelathini na mawili ya Gaudiosa. Tano mara thelathini na mbili, piga mwenyewe."

"Mia na sitini."

"Na tukaandika namba yake, maana ni magunia yake. Tungeandika zetu tungekuwa wezi."

"Malipo?"

"Alipokea yeye. Jumapili moja akatuita, tukanywa pombe ya ulezi. Mume wake Adolfu ndiye aliyeikoroga, mwiko ulikuwa haushikiki."

Eustaki aliandika yote. Ilikuwa rahisi sana, na ndiyo maana hakuiona. Wanawake hawa hawakughushi kitabu. Waliandika ukweli wa shambani, na kampuni ikausoma kwa macho ya ofisini.

"Kwa nini hamkusema dai lilipokataliwa?"

Aliyejibu ni Mariana, mdogo wao, aliyekuwa ameketi juu ya mikono yake mwenyewe. "Tuliambiwa kitabu ndicho kilichomwumbua. Kitabu tumekijaza sisi. Tukisema tumeshona sisi, tumedanganya kampuni, tunafukuzwa wote. Tusiposema, yeye ndiye mwongo." Alitazama sakafu. "Mimi siendi kwake siku hizi. Nikipita kwake Malangali nazunguka njia ya nyuma nisionane naye."

"Sote tunazunguka," alisema Kristiana, wa mishono tisa mirefu. "Nilimkuta kanisani, nikajifanya naangalia kitabu cha nyimbo. Yeye akanitabasamia. Afadhali angenitukana."

"Na ile ya makofi?" Hellena aliuliza ghafla. "Hiyo tunataka utueleze wewe uliyesoma. Meneja alitusomea barua ya kukataliwa. Imeandikwa mpelelezi alifika nyumbani kwa Gaudiosa akamwona anapiga makofi mara nne bila dalili ya maumivu. Nani huyo?"

Benjamini alikuwa amewafuata, amesimama kwenye mlango wa kibanda, mvua ikimlowesha bega moja. Yeye alijua ni nani. Eustaki alijua kwamba anajua.

"Ni... maelezo yaliyomo kwenye faili," Eustaki alisema.

"Alikuwa anamwamkia! Mgeni mwenye mvi ameingia uani kwako, utakaa umkodolee macho kama mbuzi? Jioni ya siku hiyo mimi ndiye niliyemlisha ugali Gaudiosa, tonge kwa tonge, vidole havikunjiki. Alikuwa ametumia mikono yote aliyobakiwa nayo kumpa mtu heshima." Hellena alitema pembeni. "Aliyeandika hayo si Mfipa. Mfipa hawezi. Wamemtoa Dar huko."

Eustaki aliinamia daftari. Salamu ile aliipokea yeye. Aliitikia, marahaba mama, akaingia ndani, akakaribishwa kiti, na usiku akaiandika kuwa ushahidi wa tano. Alikuwa ameuandika kwa fahari kidogo, mtu anayeona wasichoona wengine.

"Tuendelee," alisema. "Nahitaji maelezo yenu kwa maandishi, kila mmoja, na saini. Nahitaji mnishonee kila mmoja gunia moja tupu, nilifananishe na picha. Mwisho ni Ijumaa. Sitawadanganya, meneja anaweza kuwafukuza."

Wanawake walitazamana. Ndipo Mariana alipotoa mikono yake chini ya mapaja, akaikunjua mbele ya wote. Vidole vitatu vya kulia havikunyooka.

"Tangu Oktoba," alisema. "Sijamwambia mtu."

Hellena aliutazama mkono ule. "Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema. "Andika, mzee. Anza na jina langu."

Kazi ilichukua mchana mzima. Eustaki alimsikiliza kila mmoja peke yake, wengine wakiwa nje, kama alivyofundishwa, asije mmoja akaazima maneno ya mwenzake. Maelezo yalikubaliana. Magunia matano mapya yalikubaliana na mafungu matano. Mishono kumi na mitatu ya mtu mwoga ilikuwa ya Mariana, na masikio ya mafundo matatu yalikuwa ya mama mmoja mnene aliyelia mwanzo hadi mwisho akisema alidhani anatenda wema.

Jioni, alipokuwa anapanga karatasi, Benjamini aliweka kitabu cha bluu juu ya meza.

"Kichukue. Na mimi niandike. Niliwaona wakimshonea, tangu wiki ya kwanza. Kazi ilikuwa inatoka, nikanyamaza. Barua ya Mfuko ilipokuja nikanyamaza tena, maana nilishanyamaza mara ya kwanza."

"Utawafukuza?"

"Nikiwafukuza wao, mimi atanifukuza nani?" Alisaini, kisha akabaki ameshika kalamu. "Wale mama sikuwaambia ni wewe uliyeandika ya makofi."

"Niliona."

"Si kwa kukupenda, afande. Nilihitaji mwenzangu wa aibu."

Alhamisi asubuhi Eustaki alituma kila kitu Mbeya, picha, maelezo sita, kurasa za kitabu cha bluu. Mwisho aliongeza ukurasa mmoja wake mwenyewe. Aliuandika kwa namna alivyozoea kuwaandikia watuhumiwa: jina, umri, kazi, kisha maswali na majibu. *Swali: Ulipoona mdai anapiga makofi ulijua ni salamu? Jibu: Nilijua. Swali: Kwa nini hukuandika kuwa ni salamu? Jibu: Nilikuwa nimeshaamua kuwa ni mwongo.* Alisaini, akaweka tarehe.

Edith alipiga saa tano.

"Nimeyasoma yote. Dai linafunguliwa upya, nimeshaligonga muhuri. Kazi nzuri, mzee. Sasa, huu ukurasa wa mwisho. Ukibaki kwenye faili siwezi kukupa kazi tena. Naweza kusema haukufika."

"Umefika."

"Una uhakika?"

"Umefika, dada Edith."

"Haya." Karatasi zilisikika zikipangwa. "Kuna lingine. Nimeongea na daktari ili apange tarehe. Mkono wa kushoto atampasua Januari, utapona. Wa kulia hataugusa. Anasema mshipa umekwisha, na ile nyama ya chini ya dole gumba imekwisha nayo. Nikamwuliza tangu lini. Akasema wangemletea mwanzoni mwa Novemba angeuokoa."

Mwanzoni mwa Novemba. Eustaki alishukuru, akakata simu. Hakuhitaji kufungua daftari kuangalia ripoti yake ilikuwa na tarehe gani.

Gaudiosa aliishi Malangali, nyumba ya matofali ya kuchoma, nyuma yake shamba la mahindi yaliyofika magotini. Alikuwa barazani. Alimtambua mgeni, akashuka ngazi, akaanza kuchuchumaa.

"Acha, mama," Eustaki alisema haraka. "Usipige. Naomba."

Alishangaa, lakini akaacha. "Shikamoo baba. Karibu ukae. Umekuja na habari?"

Alikaa, akampa nzuri kwanza. Dai limefunguliwa. Hellena amesaini, Mariana amesaini, wote watano, na meneja. Gaudiosa aliyarudia majina yao polepole, akacheka, akafuta macho kwa sehemu ya juu ya mkono.

"Walinikimbia, unajua? Nikasema nimewakosea nini."

"Walikuwa wanaona haya."

"Wajinga hao," alisema kwa upendo wote.

Kisha Eustaki akampa ya pili. Aliisema bila kuzunguka, mkono wa kushoto Januari, wa kulia hapana. Gaudiosa aliweka mkono wa kulia juu ya paja, akautazama. Pale chini ya dole gumba palikuwa pamebonyea, mahali ambapo kwa watu wengine pamejaa.

"Ungewahi?"

"Daktari anasema mwanzoni mwa Novemba ungewahi."

"Nani alinichelewesha? Benjamini?"

"Hapana."

"Wale wa Mbeya?"

"Hapana, mama. Ni mimi. Niliandika kwamba unadanganya. Niliandika kwamba nimekuona unapiga makofi, na kwamba huumwi. Nilijua kwamba unaniamkia."

Ng'ombe wa jirani alilia, mtu akamkemea. Gaudiosa aliinua mkono ule kwa mkono mwingine, akauhamishia upande wa pili wa mapaja, mbali na mgeni.

"Nakuomba radhi," Eustaki alisema, akasikia jinsi neno lenyewe lilivyo dogo.

"Adolfu anaamini kwamba aliyenichelewesha ni yeye," Gaudiosa alisema.

"Kivipi?"

"Ndiye aliyeniambia mwezi wa saba nivumilie mpaka msimu uishe, ndipo twende hospitali. Tangu barua ije halali. Anaamka usiku anakaa hapo ulipokaa wewe. Anasema mke wangu nimemkata mikono mwenyewe." Alitazama shambani. "Nimemwambia sivyo mpaka nimechoka. Mimi sina neno la kumwambia tena. Kaa. Anarudi saa kumi. Utamwambia wewe."

Eustaki alikaa. Chai haikuletwa, na hakuitarajia. Mvua ilipita, ikaacha, ndipo jembe likaonekana kwenye mwinuko wa nyuma ya mahindi, halafu kofia, halafu Adolfu mwenyewe, mwanamume mwembamba mwenye matope mpaka kwenye magoti. Alipomwona mgeni aliharakisha. Alifuta viganja kwenye suruali, akanyoosha mikono yote miwili, uso wake wote umefunguka.

"Ndiye wewe, mzee? Hellena amenifuata mpaka shambani kunieleza. Kwamba umekaa na magunia siku nzima mpaka ukaupata ukweli. Mungu akuzidishie. Sijui nikushukuruje, sijui hata nianzie wapi."

Aliushika mkono wa Eustaki, hakuuachia.

"Keti kwanza, Adolfu," Gaudiosa alisema. "Mgeni ana neno."